Udongo wa mwaloni unageuka tope kwenye karatasi yangu, tatizo ni rangi au mkono?

"Mwalimu habari za kazi. Naishi Kalangala, kisiwani Buggala kwenye Ziwa Victoria, nina kiduka, na usiku nikishafunga nachora kwa rangi za maji. Napenda sana pale mwaloni, yaani ufukweni wanapofikia wavuvi, ule ukingo wa udongo mwekundu unaoshuka mpaka ziwani, mitumbwi chini, nyasi juu. Napapiga picha na simu halafu usiku nachora nikiiangalia. Lakini udongo hautoki kabisa. Nikitumia nyekundu inakuwa nyanya, nikitia kahawia na nyeusi kidogo inakuwa tope, na pale udongo unapokutana na maji panatokea kijivu kibaya kama maji ya kuoshea vyombo. Nina seti ya rangi 12 ya bei ya chini na karatasi ya kuprintia. Rafiki mmoja kasema ninunue rangi za bei, mwingine kasema nichimbe udongo wenyewe nichoree huo huo. Dada yangu yeye ananicheka, anasema hata nyasi zangu zina rangi ya udongo, na mimi sioni hivyo. Nianzie wapi? Na hizi nilizoharibu nizifanyeje?"

Nzuri mdogo wangu, karibu. Umeuliza swali moja ila ndani yake kuna manne, nyanya, tope, kijivu cha majini, na hilo la dada yako ambalo wewe umelipitisha kama utani lakini nitalirudia huko mbele maana si la kuacha. Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu mkono. Mkono wako sijauona, ila kwa ulivyoeleza sidhani ndo wenye makosa, makosa nayaona kwenye kuamini kwamba udongo ni mwekundu na kwenye wingi wa rangi unazokoroga pamoja.

Udongo wetu tunauita mwekundu na jina limekaa, sawa, lakini kwa mchoraji ule ni chungwa lililokolea. Usinikubalie tu, jaribu. Chukua karatasi nyeupe ngumu, toboa tundu dogo la kama punje ya hindi, nenda mwaloni na nyanya iliyoiva mkononi, funga jicho moja, utazame udongo kupitia lile tundu halafu uitazame nyanya kwa tundu hilo hilo. Ndani ya tundu hamna nyasi, hamna anga, imebaki rangi peke yake, na utaona ni kahawia ya kichungwa, haijaukaribia hata kidogo wekundu wa nyanya. Sasa ondoa karatasi utazame mahali pote kwa pamoja, wekundu unarudi palepale. Umeletwa na majirani, yaani ile kijani ya nyasi na ile kijani ya maji ndo zinausukuma udongo uonekane mwekundu kuliko ulivyo.

Hili si jambo la kubahatisha. Mkemia mmoja Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa anasimamia upakaji wa rangi kwenye nyuzi za mazulia ya ukutani kule Gobelins, Paris, na watu wakawa wanalalamika nyuzi nyeusi hazina nguvu, zimepauka. Akazichunguza akakuta weusi uko sawa kabisa, shida ni kwamba zilikuwa zinafumwa kando ya bluu na zambarau na hizo ndo zilikuwa zinaudhoofisha. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kizima kuhusu jinsi rangi zinavyobadilishana sura zikikaa jirani. Kwa hiyo wewe ukichukua nyekundu kali ukaiweka kwenye karatasi halafu ukaizungushia kijani, umetia wekundu mara mbili, wa tyubu na wa jirani, ndo nyanya yako hiyo.

Simu nayo inakuchongea. Simu nyingi zinakoleza rangi zenyewe ili picha ipendeze, nyekundu na chungwa zikiwemo. Halafu unachora usiku, na kama taa yako ni ya njano, kila rangi unayochanganya unaiona ina joto ambalo haina, asubuhi ukiitoa nje unakuta kitu kingine. Kama huwezi kuchora mchana kwa sababu ya duka, basi angalau changanya mchana. Jumapili moja nenda mwaloni na sahani nyeupe, changanya hapo hapo ukiangalia udongo, paka vipande vidogo kwenye karatasi, kando ya kila kipande andika ulichotia, kisha hizo ndo rejea zako za usiku, picha ya simu ibaki ya kukumbusha mtumbwi ulikaa upande gani.

Sasa tuingie kwenye tope. Nchi zetu za joto na mvua nyingi, maji yanapita ardhini kwa muda mrefu mno yakiosha madini yanayoyeyuka kirahisi, yanabaki yasiyotaka kuondoka, hasa chuma na aluminiamu. Hicho chuma kimeshika kutu za aina mbili, moja ni hematiti, ya wekundu, nyingine ni gothiti, ya njano inayoelekea kahawia, na udongo wako ni mchanganyiko wa hizo mbili kwa viwango tofauti, ndo maana ukingo mmoja unakuwa na mkanda wa chungwa juu na wa njano uliopauka chini. Habari njema ni kwamba kuna rangi ya kiwandani ambayo ni kutu hiyo hiyo, inaitwa sienna ya kuchomwa. Zamani walichukua udongo wa njano kule Siena, Italia, wakauchoma, maji yaliyojifunga ndani ya gothiti yakatoka, ikageuka hematiti, njano ikawa kahawia ya kichungwa. Ukinunua tyubu hiyo ni kama umenunua ndugu wa udongo wa Buggala, huna haja ya kuutengeneza kwa kukoroga rangi nne.

Na hapo ndo kwenye siri ya tope. Kila chembe ya rangi inakula sehemu ya mwanga na kurudisha iliyobaki. Nyekundu inakula kijani na bluu, njano inakula bluu, bluu inakula nyekundu, sasa ukizirundika zote tatu pamoja kila mmoja anakula chake na hakuna kinachorudi machoni, kinachobaki ndo hicho unachokiita tope. Kahawia ya seti za bei ya chini mara nyingi si rangi moja, ni mchanganyiko wa nyekundu, njano na nyeusi uliofanyiwa kiwandani. Wewe ukaichukua ukatia nyekundu, ukatia nyeusi tena, ulidhani unachanganya tatu kumbe ziko tano au sita. Nyeusi sitaki kuisema vibaya kama walimu wengine wanavyoilaani, ina kazi zake, lakini kwenye udongo wa jua inazima mwanga, udongo unakuwa kama umemwagiwa masizi.

Kwa hiyo rafiki yako wa kwanza yuko sahihi nusu. Hauhitaji seti kubwa ya bei, unahitaji tyubu tatu nzuri. Na dukani usisome jina, soma msimbo wa rangi ulioandikwa kwa herufi ndogo, maana jina kampuni inajiwekea inavyotaka ila msimbo unakwambia ndani mna nini. Sienna ya kuchomwa iwe PBr7 au PR101, msimbo mmoja tu, ukiona imeandikwa mitatu hiyo ni mchanganyiko, rudisha. PR101 iangalie vizuri kabla ya kulipa kwa sababu msimbo huo mmoja una watoto wengi, kuna wa chungwa angavu unaopitisha mwanga na kuna mzito unaoelekea zambarau, wewe unamtaka wa chungwa angavu. Ya pili ni bluu ya altramarini, PB29. Ya tatu ni oka ya njano, PY42 au PY43. Zilizobaki kwenye seti yako usitupe, ile njano ya limau utaitaka kwa mafunjo na majani machanga. Kama tyubu haina msimbo kabisa, mimi nisingeinunua.

Ukizipata, kabla hujachora chochote fanya hivi kwenye sahani. Weka sienna yenye maji ya kutosha upande mmoja, altramarini upande wa pili, halafu chukua ncha ya brashi yenye bluu kidogo sana uiguse sienna. Chungwa inatulia, inakuwa kahawia ya udongo wenye kivuli. Gusa tena, inakuwa kahawia nzito ya mti uliolowa. Gusa tena, inafika kijivu chenye joto, na ukiendelea inapita inakuwa kijivu cha baridi cha wingu la mvua, na zikiwa nzito zote mbili unapata kitu kinachokaribia weusi lakini kina uhai. Zote hizo kwa rangi mbili tu. Hapo ndo utaelewa kwa nini sikutaka ununue nyeusi.

Sasa udongo wenyewe. Nyinyi mko karibu kabisa na ikweta, jua la mchana linasimama utosini, na hilo lina matokeo ambayo wachoraji wengi hawayaoni. Ile sehemu tambarare ya mwaloni wanapoanika mukene, wale dagaa, inapigwa na jua moja kwa moja, inapauka mpaka inakuwa kama pinki ya vumbi, wakati ukingo uliosimama wima hapo hapo kando, udongo ule ule, jua linaupitia kwa juu tu na wenyewe unakuwa mzito. Kwa hiyo tambarare ni sienna yenye maji mengi sana na oka kidogo, karatasi ionekane ndani yake, na usitie nyeupe maana inaugeuza kuwa chokaa. Ukingo ni sienna nzito zaidi, maji machache. Kivuli kilicho chini ya mizizi inayoning'inia ni sienna na altramarini, lakini bluu isizidi, kwa sababu kivuli kile kinapata mwanga uliogonga udongo mwekundu ulioko chini ukarudi juu, kwa hiyo kina joto. Ukikifanya cha bluu utakuwa umenakili vivuli vya nchi za theluji.

Jioni ya saa kumi na moja mambo yanageuka, jua limelala, ukingo unaoelekea magharibi unawaka, hapo ndo ruhusa ya kutia tone la nyekundu, na hata hapo iwe tone. Baada ya mvua tena ni udongo mwingine, unakuwa mzito na umekolea, kwa sababu maji yamejaza nafasi kati ya chembe na mwanga unaingia ndani zaidi kabla ya kutoka. Usijaribu kuupata kwa kupaka tabaka juu ya tabaka. Changanya nzito, paka mara moja, toa mkono. Na kumbuka rangi ya maji ikikauka inapauka, kwa hiyo kwenye sahani iwe nzito kuliko unavyotaka, utaizoea.

Kile kijivu cha ufukweni kina sababu yake pia. Chungwa na bluu ni wapinzani, zikikutana zikiwa mbichi zinaulana, na wewe unapaka udongo halafu unashusha bluu ya ziwa juu yake kabla haujakauka. Dawa ya kwanza ni uvumilivu, acha udongo ukauke kabisa, na kisiwani kwenye unyevu ule, msimu wa mvua hasa, kukauka ni kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, gusa kwa nyuma ya kiganja, kama ni baridi bado. Dawa ya pili ndo naipenda zaidi. Tazama vizuri pale maji yanapolamba udongo. Hakuna mstari wa chungwa halafu bluu. Kuna udongo uliolowa wenye rangi ya chokoleti, halafu maji membamba yenye vumbi la udongo ndani yake, yana rangi ya chai ya maziwa, halafu yanaelekea njano ya kijani, ndo yanakuwa kijani iliyotulia. Ziwa Victoria si bahari ya Mombasa, maji yetu yana mwani mwingi, yana ukijani, bluu unayoiona ni anga limejiangalia hapo, na siku ya mawingu hata hiyo haipo. Kwa hiyo kati ya udongo na ziwa weka oka ya njano. Sienna ikiingia kwenye oka hazigombani, ni ndugu, na oka ikiingia kwenye bluu inatoa kijani ya ziwa. Umepita njia ndefu kidogo ila kijivu hukukutana nacho.

Karatasi. Ya kuprintia iache, na hapa simung'unyi maneno. Inajikunja, inakunywa maji ovyo, ukirudia brashi mara mbili inatoa manyoya, na hayo manyoya yakichanganyika na rangi unadhani umekosea rangi. Tafuta nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya pamba ni bora na bei yake utaisikia, ya kawaida ya gramu 300 inatosha kwa kujifunza, ikate vipande vinne, tumia pande zote mbili. Ukipita Nasser Road pale Kampala usishawishike na kadi nzito zinazong'aa za printa, maji yatateleza tu juu. Kama hela inatosha kitu kimoja mwezi huu, nunua karatasi kwanza, tyubu mwezi ujao.

Rafiki wa pili, wa kuchimba. Inawezekana kabisa na wala si uchawi. Chimba chini ya udongo wa juu wenye mizizi, anika, ponda, chekecha kwa kitambaa. Koroga kwenye maji mengi, subiri kidogo mchanga ushuke, mimina yale maji mekundu kwenye chombo kingine, yaache usiku kucha, asubuhi mwaga maji ya juu, kile kilaini kilichobaki chini ndo rangi. Kianike. Kisha kisage juu ya kioo pamoja na gundi ya akasia, ambayo miti yake ipo hata Karamoja, sehemu moja ya gundi kwa sehemu mbili za maji ya moto, asali kidogo sana ili isipasuke ikikauka, na tone la mafuta ya karafuu isiote ukungu. Ukikuta udongo wa njano uchome kwenye bati kuukuu juu ya sigiri, utauona unageuka mwekundu mbele ya macho yako. Rangi ya aina hii haipauki na jua, kutu imeshapauka ilipopaukia.

Ila nikwambie na upande wa pili. Udongo wetu una mfinyanzi mweupe mwingi na mchanga ndani yake, kwa hiyo rangi yake itakuwa dhaifu kuliko ya tyubu, ina uchokaa, ukiipaka nzito inapasuka na kubanduka. Ni nzuri kwa ardhi ya mbele kwenye picha, kwa kuchanganya na altramarini inasumbua. Na lile vumbi wakati wa kuponda lina chembe za silika, si la kuvuta puani, funga barakoa, fanyia nje, watoto wakae mbali. Kama una pumu usifanye kabisa, au muulize daktari kwanza. Kwa hiyo mimi ningesema ifanye kama starehe baadaye, ukishajua sienna inavyofanya kazi.

Tumrudie dada yako. Kama yeye, na watu wengine, wanaona nyasi zako zina rangi ya udongo na wewe kwa moyo safi huoni, inawezekana ni mazoea tu, au brashi chafu, au ile taa ya njano. Lakini inawezekana pia macho yako hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Ni hali ya kuzaliwa nayo, inapitia kwa mama, na inawapata zaidi wanaume, kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ni karibu 8 katika 100, kwetu Afrika ni wachache zaidi lakini wapo, na wengi wanakua nayo bila kujua. Dalili nyingine ni kupata taabu kuona embe lililoiva katikati ya majani, au kuulizia watu rangi ya nguo. Usijipime kwa simu, skrini zinadanganya. Siku ukivuka kwa meli ya Nakiwogo au ukienda Masaka, ingia hospitali yenye kitengo cha macho uombe kipimo cha Ishihara, zile karatasi za vidoti zenye namba zilizofichwa, kinaisha haraka. Kikionyesha unayo, hakuna dawa, ila pia hakuna sababu ya kuacha kuchora. Utaandika majina kwenye tyubu, utafuata vipimo ulivyoandika kwenye vile vipande vyako badala ya kukisia, na utamtumia dada kama jicho la pili, safari hii asicheke.

Na kama macho yako ni mazima, umepata zile tyubu tatu na karatasi, na bado unatoa tope, basi hilo halitatuliwi kwa maandishi, mtu akuangalie ukichora. Pengine unarudia brashi mara nyingi, pengine maji yako ya kuoshea ni machafu, hayo yanaonekana kwa macho tu. Makerere wana shule ya sanaa, na kwenye majumba ya sanaa ya Kampala unaweza kukutana na wachoraji. Beba kazi mbaya, si nzuri, hizo ndo zinazoonyesha tatizo.

Ulizoharibu sasa. Za karatasi ya kuprintia hazifufuki kwa maji, ukizisugua zitatoboka. Zikaushe, zigandamize chini ya vitabu, halafu pita juu yake na penseli za rangi au mkaa, lile tope linafaa kabisa kuwa rangi ya chini ya mitumbwi na miamba. Nyasi zenye rangi ya udongo usizirekebishe kwanza. Mpe dada penseli azizungushie mahali anapoona kosa, halafu nenda nazo hospitali siku ya kipimo.